Shaba, Mwamvuli na Kituo

Karibu na daraja la La Fière, katika Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, imesimama sanamu ya askari wa miamvuli. Wamarekani huiita Iron Mike, yaani Mike wa Chuma. Jina hilo halina ukweli upande wowote. Sanamu yenyewe ni ya shaba, wala hakuna Mike aliyekusudiwa, kwa kuwa imewekwa kwa heshima ya maelfu ya vijana ambao kila mmoja alikuwa na jina lake.

Sanamu ya asili, ambayo hii ni nakala yake, ilisimamishwa mwaka 1961 katika kambi ya Fort Bragg, jimbo la North Carolina. Aliyeifinyanga ni Leah Hiebert, mke wa kasisi wa kambi, na aliyesimama mbele yake kama kielelezo alikuwa sajini mkuu James Runyon. Hata hiyo haikuwa ya chuma kitupu: ilikuwa ya plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa chuma, na ni baadaye tu ilipopata nakala ya shaba. Ya Normandy ilizinduliwa Juni 1997, miaka 53 baada ya vita inayovikumbuka.

Vita hivyo ni rahisi kuvieleza, ingawa havikuwa rahisi kuvipigana. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, askari wa miamvuli wa Marekani zaidi ya 13,000 waliruka kutoka kwenye ndege juu ya Normandy ili kuyafungulia njia majeshi yaliyokuwa yakija kwa bahari. Wajerumani walikuwa wameliacha bonde la mto Merderet lifurike. Nyasi zilikuwa zimeota na kutokeza juu ya maji, hata picha zilizopigwa kutoka angani zikaonyesha malisho mahali palipokuwa na ziwa. Baadhi ya vijana wale walitua humo gizani, wamelemewa na silaha na mizigo, wakazama kabla hawajafyatua risasi hata moja. Waliosalia walipigania daraja na tuta la barabara hadi Juni 9. Siku hiyo Charles DeGlopper alisimama peke yake barabarani akifyatua risasi ili wenzake wapate kurudi nyuma, akauawa, na baadaye akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya nchi yake.

Nimesimama mbele ya sanamu hiyo, nami si mwanajeshi wala mwanahistoria. Shughuli yangu ni maneno. Kilichonishughulisha pale kilikuwa maswali ya kilugha, na maswali hayo yakanifikisha mbali kuliko nilivyotazamia.

La kwanza ni jina lenyewe. Sisi husema askari wa miamvuli, na hakuna anayecheka, ijapokuwa mwamvuli wa kwanza unaotujia akilini ni ule wa mvua na jua. Wafaransa waliounda neno lao walifikiri hivyo hivyo. Louis-Sébastien Lenormand, aliyeruka kutoka kwenye mnara mjini Montpellier mwaka 1783, aliunganisha maneno mawili yenye maana ya kinga na anguko, kwa kufuata mfano wa majina waliyokwisha kuwa nayo ya kinga ya jua na kinga ya mvua. Wajerumani nao walikiita chombo hicho mwamvuli wa anguko. Kiswahili hakikuongeza chochote. Kiliona kitambaa kimetanda angani, kikasema: mwamvuli.

Hata hivyo, kuna tofauti ambayo mshairi hapaswi kuipita. Neno la Lenormand limetungwa na anayeanguka. Ndiye anayehitaji kukingwa na anguko. Mwamvuli ni ndugu wa kivuli na uvuli; ni neno linalokumbuka kile kinachopatikana chini ya kitambaa, pale ambapo mtu amesimama juani. Chombo ni kimoja, lakini neno moja linakitazama kutoka juu na jingine kutoka chini. Nitarudi kwenye neno hilo, kwa sababu nilikutana na mtu aliyeiona miamvuli hiyo kutoka chini.

Swali la pili ni la vitenzi. Kiswahili husema ndege huruka, na askari aliye ndani ya ndege naye huruka. Kwa lugha nyingine hayo ni matendo mawili, kupaa na kujirusha. Kwetu ni kitenzi kimoja, na kati ya anayepanda na anayejitupa chini hakuna mpaka. Kisha kuna kutua. Ndege hutua, askari hutua, jua hutua, mchukuzi hutua mzigo wake, na moyo uliofadhaika hutulia. Kutokana na kitenzi hicho tumepata kituo, na wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuambiwa kituo cha ubeti ni nini. Ni mshororo ambapo fikira iliyoruka katika mshororo wa kwanza hutua mzigo wake.

Sasa itazame tena sanamu. Amevaa kofia ya chuma, ameshika bunduki, uso umeelekea mbele. Mgongoni hana mwamvuli. Msanii amemchagua askari ambaye tayari ametua na kuuvua. Maisha ya askari wa miamvuli yamo baina ya kuruka na kutua, katika dakika chache ambamo hana silaha ya kumfaa wala pa kujificha, nayo sanamu inatuonyesha kituo peke yake. Ni kama kusoma mshororo wa nne wa ubeti ambao mitatu ya kwanza imepotea. Na wale walioruka wakatulia chini ya maji ya Merderet hawawezi kufananishwa na mtu huyu aliyesimama. Sanamu ni yao pia, lakini sura yake si ya hali yao.

Nikisema kufananishwa, nafika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Neno shaba tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko linatokana na mzizi wenye maana ya kufanana. Madini hayo yaliitwa hivyo kwa sababu rangi yake hufanana na dhahabu. Mzizi huo huo umetupa kitenzi kushabihi, na umetupa tashbiha, ile mbinu ambayo kila mwanafunzi wa ushairi hufundishwa mwanzo kabisa: fulani ni kama simba, fulani ni kama mwezi. Kwa hiyo tunaposema sanamu ya shaba, tunasema, bila ya kukusudia, mfano uliotengenezwa kwa mfano. Wazungu huwa na majina tofauti kwa shaba nyekundu, kwa ile iliyochanganywa na bati ambayo ndiyo ya sanamu, na kwa ile ya manjano. Sisi huziita zote shaba, na inapobidi huzitenganisha kwa rangi.

Fundi wa sanamu kubwa huanza na umbo la udongo, hulitolea kalibu, huitandaza nta kwa ndani, kisha nta huyeyushwa itoke na shaba ya moto humiminwa mahali pake. Kinachobaki baada ya kazi hiyo ni gamba lenye sura ya mtu, na ndani yake mna uwazi. Sikuona aibu yoyote katika uwazi huo nilipofahamu jambo hili. Tashbiha nayo ina uwazi ndani yake, na humo ndimo msomaji huingia. Kijana mmoja wa shaba amefanywa mfano wa maelfu ili mama yeyote amtie mwanawe ndani yake. Hiyo ndiyo nguvu ya sanamu. Udhaifu wake ni kwamba kila tashbiha huchagua: hushika upande mmoja wa kitu na kuuacha mwingine, na aliyeachwa hana pa kulalamikia.

Shaba vilevile lilikuwa jina la mahali. Mwaka 1971 Mobutu aliliondolea jimbo la Katanga jina lake na kuliita Shaba, kwa sababu ya madini yaliyomo ardhini mwake. Alichagua neno la Kiswahili, lugha inayowaunganisha watu wa huko, sokoni na migodini. Jina hilo lilidumu hadi 1997, lilipoondoka pamoja naye. Katika miaka hiyo 26, ilitokea siku moja askari wa miamvuli walipoishukia Shaba, na safari hii waliotazama kutoka chini walikuwa wasemaji wa Kiswahili.

Mei 13, 1978, wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola, wengi wao wakiwa na asili ya jimbo hilo, waliuteka mji wa Kolwezi. Humo mlikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa migodi ya Gécamines na familia zao, pamoja na Wazungu wengi. Mauaji yakaanza. Mobutu akaomba msaada, na alasiri ya Mei 19 kikosi cha miamvuli cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa, 2e REP, kikiongozwa na kanali Philippe Erulin, kikaruka juu ya mji. Askari kama 400 waliruka siku hiyo, wengi wao kutoka kwenye ndege za jeshi la Zaire, wakiwa na miamvuli ya Kimarekani iliyotoka katika ghala za jeshi hilo na ambayo haikulingana na vifaa vyao. Wenzao wapatao 250 waliwafuata kesho yake, siku ambayo makomando wa Ubelgiji nao walifika mjini. Kikosi hicho cha Ufaransa kilipoteza watu watano. Wazungu waliouawa katika siku zile walizidi 100. Wakongomani waliokufa walikuwa mamia.

Linganisha jinsi nilivyoziandika sentensi hizo tatu za mwisho. Ya kwanza ina idadi kamili. Ya pili ina makadirio. Ya tatu ina neno moja pana, mamia. Simlaumu aliyehesabu watano kwa kuhesabu vizuri. Hivyo ndivyo inavyostahili kila maiti. Kuhusu tukio hilo kimeandikwa kitabu nchini Ufaransa, na mwaka 1980 Raoul Coutard akatoa filamu, navyo vyote viwili vimebeba jina linalosema kwamba Jeshi la Kigeni linaruka juu ya Kolwezi. Kiima cha sentensi hiyo ni jeshi. Kolwezi ni mahali pa kurukia.

Miaka kadhaa iliyopita, mjini Kigoma, nilifahamiana na mama mmoja aliyekulia Kolwezi. Mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Alipojua kwamba ninaandika mashairi alinikaribisha barazani kwake, tukazungumza hadi magharibi.

"Tulidhani ni sherehe, mwanangu," aliniambia. "Tulikuwa tumefungiwa ndani siku nyingi, na watoto wakifungiwa huchoka hata kuogopa. Tukaona miamvuli. Ilikuwa mizuri, nisiseme uongo. Tulishangilia. Mama ndiye aliyetuvuta, akatulaza chini ya kitanda."

Nilimuuliza kama waliiona kuwa ni wokovu.

"Waliokuwa wakitafutwa waliokolewa. Nawashukuria Mungu, maana nao walikuwa watu. Sisi hatukuwa tukitafutwa."

Kaka yake mkubwa alikuwa ametoka siku mbili kabla kwenda kutafuta unga. Hakurudi. Familia haikujua aliuawa na nani, kama ni waasi, askari wa serikali au waliotoka angani, wala haikupata mwili wa kuzika.

"Simtafuti aliyemuua," alisema. "Ningempata ningemfanyaje, nami nimezeeka? Ninachouliza ni kwa nini hakuna mahali alipoandikwa. Mjukuu wangu tumempa jina lake, basi. Nyinyi mnaoandika mashairi, huwa mnamwandika nani?"

"Tunawaandika mashujaa, Mama," nilimjibu.

"Na aliyekwenda kutafuta unga?"

Swali hilo si la Kolwezi peke yake. Ushairi wetu una hazina kubwa ya kusifu. Tuna tenzi za vita, tuna majigambo, tuna sifa za waliokufa wakiwa na upanga mkononi. Mshairi wa Kiswahili akiombwa ubeti wa kumsifu askari hahangaiki: simba yupo, radi ipo, mwamba upo. Akiombwa ubeti wa kijana aliyekwenda kutafuta unga, mkono husita, kwa kuwa tashbiha zilizopangwa tayari haziwatoshi watu wa namna hiyo. Hawakuwa simba. Hawakunguruma. Walikuwa wanapita.

Lakini lugha, ambayo mara nyingi hutushinda kwa hekima, imekwisha kuwakumbuka baadhi yao. Katika mtaa wa Samora, Dar es Salaam, imesimama sanamu ya shaba ya askari iliyowekwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana chini ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps lililopita katika vinywa vya watu hadi likawa letu: kikosi cha wapagazi, watu waliobeba unga na risasi, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi zenyewe. Askari ana shaba, mpagazi ana neno. Na neno hilo hutamkwa kila siku na makondakta, wachuuzi na wanunuzi, wengi wao bila ya kujua kwamba wanataja kumbukumbu ya wafu. Nairobi nako wana Kariokor yao.

Katanga yenyewe ilikuwa imeonyesha njia kabla ya Kolwezi kuvamiwa. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kilitoa historia ya mji huo iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha huko. Kichwa chake ni cha Kifaransa, na hakiiiti historia. Kinaiita msamiati wa mji. Nimelipenda kosa hilo, kama ni kosa. Wapishi na madobi walipotaka kusema yaliyowapata chini ya Wabelgiji, waliona kwamba wanaandika orodha ya maneno yasiyotakiwa kupotea. Na kati ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora picha takriban 100 za historia ya nchi yake, akazieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alitumia rangi na vitambaa vya bei ndogo. Fabian alikuja kuzichapisha picha hizo pamoja na maelezo ya mchoraji mwenyewe, na leo tunaweza kumsikia.

Sisemi shaba ivunjwe. Vijana waliozama Merderet hawakuomba kuzaliwa katika kizazi cha vita, na waliolishikilia daraja la La Fière walisaidia kuiangusha serikali iliyokuwa ikiwaua watu kwa mamilioni. Wanastahili mtu asimame kimya mbele yao, nami nilisimama. Wale watano wa Kolwezi nao walikuwa na mama zao. Ninachosema ni kwamba sanamu inafanya nusu ya kazi, nayo ni ile nusu yenye wafadhili. Shaba ni ghali. Inahitaji serikali, jeshi au chama cha maveterani. Nusu ya pili inahitaji mtu anayejua lugha na aliye tayari kukaa barazani hadi magharibi.

Kwa hiyo nawaomba watunzi wenzangu jambo moja. Kila tunapotunga shairi la shujaa aliyeruka, tuulize ni nani alikuwa chini ya mwamvuli, kisha tumpe ubeti wake. Tusimpambe na kumfanya simba wa bandia. Tuseme alikwenda kutafuta unga. Mizani inaweza kuubeba unga kama inavyoubeba upanga. Mwenye shaka na ahesabu.

Mimi nimeanza na beti hizi mbili. Ya kwanza ni ya sanamu, ya pili ni ya wasiokuwa nayo.

Ewe shaba wasimama, juu ya jiwe kondeni,
Na uso wa kutazama, ng'ambo ya mto bondeni,
Sikuja kukusakama, heshima naiamini,
Lakini waliozama, watajwe kwa wimbo gani?

Aliyeruka kwa shaka, jua limekwisha tua,
Majini alofichika, nani leo amjua?
Na mama aliyeshtuka, mtoto kamchukua,
Shaba haikuwafika, nenoni watajatua.